Helmeti ya deraya inanigonga kichwa kila nikipigwa, tatizo ni chuma au bitana?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dada wa Tanga niko Ujerumani, mwaka jana nilijiunga na klabu ya watu wanaopigana kwa deraya za Zama za Kati kama manaiti, wale wapiganaji wa Ulaya ya zamani, mapanga ya chuma yasiyo na makali, watano kwa watano. Mwezi wa saba timu inaenda mashindano Poland na nataka niwemo. Nilinunua helmeti iliyotumika aina ya basineti, muuzaji kasema ni milimita 1.2 lakini chuma kigumu. Nikipigwa juu naisikia inagonga fuvu, na jumamosi iliyopita kichwa kiliuma mpaka kesho yake. Niongeze sponji ndani au ninunue nyingine? Halafu deraya nzima ina kilo 27, mimi nina kilo 62, mabega yanakufa ganzi baada ya dakika chache. Kweli nitaweza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla sijagusa chuma nianze na hicho kichwa kilichouma mpaka kesho yake, maana hapo umenishtua. Kichwa kuuma muda mrefu hivyo baada ya kupigwa tunakihesabu ni mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aseme sio, hata kama hukuzimia, wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Kwa hiyo mazoezi ya kupigana simamisha, nenda kwa daktari umweleze wazi kwamba unapigwa kichwani na panga la chuma ukiwa na helmeti, usione aibu, na usirudi ulingoni mpaka akuruhusu. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuwa baya kuliko la kwanza hata likiwa dogo. Na ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unakuumiza macho, usingizi umevurugika, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, hiyo nenda leo leo usisubiri miadi. Haya mengine yote ninayoandika hapa chini yanafuata baada ya hilo.

Sasa helmeti. Umeuliza ni chuma au ni bitana, na kwa ulivyoeleza mimi naona ni vyote viwili. Helmeti inafanya kazi mbili tofauti: chuma kinalisambaza pigo lisikae sehemu moja, afu bitana inalipunguza kasi kabla halijafika kwenye fuvu. Chuma kikiwa chembamba kinabonyea kwenda ndani, na kikiwa kigumu cha springi kinarudi nje papo hapo, ndio maana ukikiangalia baada ya pambano hukioni kimeharibika popote, lakini kwa ile sehemu ndogo ya sekunde kilishakugusa kichwa. Hiyo ndiyo gonga unayoisikia. Milimita 1.2 inafaa maonyesho, gwaride, kupiga picha, hata mapigano ya kupangwa ambapo mtu anajua panga litatua wapi. Kwa buhurti, yaani hayo ya kupigana kweli kwa timu, hapana. Helmeti za buhurti ninazozikubali zikiwa za chuma laini cha kawaida ni milimita 2 kwenda juu, wengi wanaenda mpaka 3 kwenye utosi, na zikiwa za chuma cha springi kilichokomazwa vizuri kwa moto inaweza kushuka kidogo chini ya hapo. Kwa hiyo jibu fupi, nyingine inunue, hii iweke kwa maonyesho.

Na ukienda kununua usikubali unene wa kuambiwa tu. Kuba la helmeti linatengenezwa kwa kulitandaza bati kwa nyundo au kwa presi, na bati likitanda linakonda, kwa hiyo helmeti iliyoanza na bati la milimita 2 utosini inaweza kuwa imebaki 1.5 wakati ukipima ukingoni na vernia, kile kipimo cha unene, unaona 2 safi kabisa. Fundi mzuri atakuambia unene wa utosini bila kujiumauma. Kama hukipati kipimo, ipime kwa mizani: basineti ya kupigania pamoja na kifuniko cha uso ikiwa chini ya kilo 3 mimi naitilia mashaka, nyingi zinacheza kilo 4 mpaka 5, na uzito huo sio hasara, kitu kizito ni kigumu kukirusha kwa hiyo kichwa chako hakitikisiki sana kikipigwa, ilimradi shingo umeifanyia mazoezi. Angalia pia mshono wa weldi kwa ndani, kama umesagwa mpaka ukawa mwembamba kuliko bati lenyewe hapo ndipo patapasuka. Na helmeti ya chuma cha springi ikibonyea usimpe mtu akainyooshe kwa moto wa gesi, ikishafika rangi nyekundu ule ugumu wote umeondoka na hakuna macho yatakayoona tofauti.

Bitana sasa, hapa ndo nataka unisikilize sana maana watu wanatumia hela nyingi kwenye chuma afu ndani wanabandika kipande cha godoro. Sponji laini ukiibonyeza kwa kidole gumba inafika chini, na panga litafika chini vilevile. Unataka kati ya fuvu na chuma ibaki nafasi ya sentimita 2 au zaidi pande zote, na nafasi hiyo isiwe tupu bali iwe na kitu kinachobonyea taratibu. Ukiangalia basineti za karne ya 14 zilizobaki kwenye makumbusho utaona mstari wa matundu kuzunguka ukingo wote, hapo ndipo bitana ya kitambaa kilichojazwa pamba au sufu ilikuwa inashikizwa, utosini vipande vinakutana vikavutwa na kamba kwa hiyo kichwa kinakaa ndani kimening'inia bila kugusa juu. Mfumo ule hadi leo unafanya kazi. Mimi nashona bitana ya kitani yenye matabaka, kamba ya kuvutia juu, afu nyuma yake naweka sponji ngumu ya vijitundu vilivyofunga, ile inayotumika kwenye vifaa vya michezo, nene zaidi utosini na kwenye kisogo. Kitani kinafuliwa, sponji inabadilishwa ikichoka, na inachoka, ukiona imebaki na umbo la kichwa chako hairudi tena basi hiyo imeisha.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wa huko hawatakuuliza kwa sababu hawalijui: nywele. Ukipima kichwa una mistari ya kulala halafu ukaenda mashindanoni umeweka rasta nene umezifunga kisogoni, helmeti haitakaa, itapanda mbele au itakubana sehemu moja mpaka uchungu. Amua mapema utasuka vipi msimu wa mashindano, suka hivyo, ndipo upime. Mistari myembamba inayolala kuelekea shingoni ndiyo bora, mafundo yoyote yawe chini ya ukingo wa bitana, na pini za chuma zisiwepo kabisa.

Ukishaivaa ijaribu hivi. Funga mkanda wa kidevu, mwambie mwenzio aishike helmeti kwa mikono miwili aizungushe kushoto na kulia polepole: ngozi ya kichwa inatakiwa iende pamoja nayo, kama helmeti inateleza peke yake ni kubwa. Afu aiinue kwa nyuma kama anataka kuivua kwenda mbele, ikitoka au macho yakifunikwa, mkanda ni mbovu au umefungwa vibaya, unataka mkanda wenye matawi mawili kila upande, moja mbele ya sikio na moja nyuma. Afu piga miayo, lazima uweze kufungua mdomo ukapumua. Afu mwenzio agonge utosi na ngumi ya kawaida: usikie sauti, usihisi mguso.

Mkanda huo uwe wa ngozi na bizimu ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua au kuikata haraka. William Marshal, yule naiti Mwingereza wa karne ya 12 aliyepata jina kwa mashindano haya haya huko Ufaransa, wasifu wake unasimulia kwamba baada ya mashindano ya Pleurs walimtafuta kumpa zawadi wakamkuta kwa mhunzi, kichwa kimelazwa juu ya fuawe, mhunzi anahangaika na nyundo na koleo kuitoa helmeti iliyokuwa imepondwa mpaka haivuki shingoni. Helmeti bado zinapondeka. Kila timu iwe na mkasi mkubwa wa kukatia mikanda, na ujulikane uko kwa nani.

Kwenye kifuniko cha uso, matundu ya macho yawe membamba kiasi kwamba ncha ya silaha yoyote inayoruhusiwa haipiti, ukinunua cha zamani chukua panga la klabu ujaribu kuliingiza mwenyewe. Mfalme Henri II wa Ufaransa alikuwa kwenye mashindano ya sherehe tu, Paris, tarehe 30 Juni 1559, mkuki wa mpinzani ukavunjika na vipande vikaingia kwenye uso wa helmeti vikamchoma jichoni, akafa tarehe 10 Julai. Deraya yake ilikuwa ya thamani kuliko zetu zote. Kwenye buhurti kuchoma kwa ncha ya silaha kumekatazwa kabisa, pamoja na kupiga kisogo cha shingo, nyuma ya goti, kinena na nyayo, lakini panga likivunjika halisomi sheria.

Sasa uzito. Kilo 27 kwa mtu wa 62 inawezekana, mradi hizo kilo zikae panapotakiwa. Kwenye utafiti uliotoka mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliwachukua watu waliozoea kuvaa deraya kwenye makumbusho ya silaha ya Royal Armouries, wakawavalisha nakala za karne ya 15 za kilo 30 mpaka 50 wakawatembeza kwenye mashine, wakakuta mwili unatumia nguvu kama mara 2 ya kutembea bila deraya. Sababu mbili walizozionyesha zinakuhusu wewe moja kwa moja: chuma cha miguuni kinachosha zaidi kwa sababu kila hatua unakirusha upya, na bamba la kifua linabana mbavu mtu akaishia kupumua pumzi fupi fupi za haraka. Kwa hiyo kama kuna hela ya kupunguza uzito anzia miguuni na mikononi, titani ni nyepesi kuliko chuma kwa karibu asilimia 40 kwa unene uleule, helmeti iache iwe chuma. Na bamba la kifua liishie kiunoni kwenyewe, pale mwili unapokatika, sio kwenye nyonga, mabamba ya zamani yaliishia hapo ili mtu aweze kuinama. Wauzaji wengi wanakata la kiume refu afu wanalipunguza mapana wanasema la kike, ukikaa chini linakusukuma koo.

Mabega kufa ganzi ni kwa sababu kila kitu umekining'iniza mabegani. Mtoto wa kilo 10 ukimbeba mkononi hufiki sokoni, ukimfunga na kanga mgongoni unafika na unarudi, na kilo ni zilezile. Miguu ya chuma inatakiwa ishikizwe kwenye mkanda mpana wa kiunoni au kwenye fulana nene ya kubana iliyofungwa kiunoni, uzito ukae juu ya mifupa ya nyonga, na wewe mwanamke una faida hapo maana nyonga zinashika mkanda usishuke. Bamba la kifua na mgongo vile vile, kaza kiuno kwanza ndipo mabega, na mkanda wa bega uwe mpana, ukiingia kwenye shingo unabana mishipa ndo maana ya ganzi. Ganzi ikifika vidoleni hata baada ya kurekebisha, simama, usivumilie.

Mikono nigusie tu: vidole ndivyo vinavyovunjika zaidi kuliko watu wanavyodhani. Glavu za chuma ziwe na nafasi ndani, na ukifunga ngumi juu ya mpini chuma kikae kwenye chuma au kwenye mpini, kidole kisibaki katikati.

Mwezi wa saba Poland kuna joto, na ndani ya gambesoni, lile koti la matabaka ya kitambaa, jasho halina pa kwenda. Usiseme mimi nimetoka Tanga nimezoea jua, mwili unaozoea baridi ya Ujerumani unasahau, unahitaji kama wiki moja mpaka mbili za mazoezi ya joto kabla. Kati ya raundi vua helmeti na glavu kila mara, maji baridi shingoni na kwenye mikono, kunywa kidogo kidogo na chumvichumvi iwemo sio maji matupu lita kwa lita. Mwenzako akianza kuongea vitu visivyoeleweka au kuyumba, hata kama bado anatoka jasho, hiyo ni dharura, kateni mikanda, mvueni, mwagieni maji baridi mwili mzima, pigeni 112.

Kabla ya kuingia, mamarshali, ndio marefa wao, watakagua kila kipande, silaha makali yake yawe butu na ncha ya mviringo, na mashindano mengi yanataka vipande vyako vitoke nchi na kipindi kinachokaribiana, basineti ya 1380 na miguu ya 1500 wanakurudisha. Waandikie waandaaji sasa hivi wakutumie sheria zao kabla hujalipa helmeti. Ukishaangushwa, yaani ukigusa chini kwa kitu kingine zaidi ya nyayo mbili, umetoka, baki chini umejikunja mikono ndani mpaka raundi iishe, wageni wengi wanaumia hapo wakijaribu kusimama katikati ya watu.

Daktari akikuruhusu na muda ukawa umebaki mdogo, nenda Poland kama msaidizi wa timu mwaka huu, kuwavisha na kuwapoza wenzako ni kazi kamili na utajifunza mikanda yote. Muda ukitosha, vaa bitana mpya kwenye mazoezi mepesi kwanza bila kupigwa kichwani, wiki mbili tatu, mpaka ikae. Pima mzunguko wa kichwa juu kidogo ya nyusi na nywele zikiwa zimesukwa tayari, na urefu kutoka sikio moja kupita utosini mpaka la pili, unitumie na picha ya ndani ya helmeti utakayopata, nikuchoree namna ya kuikata bitana.