Kaka, usimfungie mtoto ndani

Umeuliza chumba cha kupanga Mtwara mjini, umeuliza kliniki, halafu ukamalizia kwamba mwanao wa miaka miwili mtamweka ndani mpaka vibali vyenu vitoke. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya.

Tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi mwaka 2016, tukitokea Mueda, Msumbiji, mwanangu ana mwaka na nusu. Kuna mtu, tena mwenzetu wa huko huko, akatuambia mtoto akionekana ndipo mtakapoulizwa karatasi. Akala na elfu themanini yetu "ya kufuatilia". Karatasi sijaziona mpaka leo. Nikikutana naye sokoni, salamu yake siitikii.

Mwaka mzima na nusu tukaishi chumba kimoja Chikongola, mlango umefungwa. Watoto wakipita walituimbia "Wamawia, Wamawia", jina wanalotuita Wamakonde tuliotoka Msumbiji. Nikaacha hata kuongea na mwanangu kwa sauti, maana Kimakonde chetu cha ng'ambo kikisikika tu, tumejulikana. Mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa: akitamka kitu umwitikie, naye arudie. Wangu kila akitamka nilimziba mdomo. Anatimiza miaka mitatu ana maneno manne. Alikuwa akilala kifudifudi, shavu sakafuni, anachungulia chini ya mlango miguu ya wenzake inavyokimbia. Nilipompeleka kliniki, nesi alipomgusa tu akajificha chini ya benchi.

Aliyetutoa ni bibi jirani, mbangua korosho. Siku moja alimshika mkono, akamkalisha uani kwake, akawaambia wale watoto, "Huyu mjukuu wangu, atakayemcheka aje kwangu." Wiki nzima mwanangu alikaa pembeni akiwatazama wakichezea korosho. Kisha mmoja akamnyang'anya yake, naye akapiga kelele: "Yangu!" Nililia pale pale.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa lugha, kwa kabila, hata kwa ukimbizi. Mimi nilikuwa sijui, na yule mla hela hakuniambia. Vibali nenda uhamiaji kwa miguu yako, usimtume mtu. Lakini mtoto asisubiri vibali, maana umri huo haurudi. Kesho asubuhi mama yake atandike mkeka nje, akae naye, amsemeshe Kimakonde chake kwa sauti, majirani wasikie.