Kifaransa hakimwibii mtoto muda wa Hisabati
Dada, umeuliza iwapo binti yako wa Gredi ya 7 hapo Kisumu aache Kifaransa kwa kuwa alama zake za Hisabati zimeshuka. Mimi nisingemwachisha. Hisabati ni somo la lazima katika sekondari ya msingi na haikwepeki, ilhali Kifaransa, kikifundishwa vizuri, humfanyisha mtoto hesabu bila yeye kujua: 70 husemwa soixante-dix, yaani sitini na kumi, 80 ni quatre-vingts, ishirini mara nne, na 97 ni ishirini mara nne kisha kumi na saba juu yake. Mwambie aandike 4 × 20 + 17, naye atakuwa amefanya zoezi la mfuatano wa matendo, yaani kuzidisha kabla ya kujumlisha. (Wabelgiji hawajisumbui na 70, wao husema septante.) Hata Kijaluo kina mtindo huo, kwani auchiel, yaani 6, imeundwa kwa abich na achiel, 5 na 1. Ninachoshuku zaidi kuwa kimeshusha alama zake ni hesabu za sehemu (kama nusu na theluthi) alizofundishwa Gredi ya 5 na ya 6, kwa hivyo kagua madaftari yake ya zamani kwanza, uone kama alipojumlisha 1/2 na 1/3 aliandika 2/5 badala ya 5/6.