Usifute ritifaa (alama ya ') ya Ng'ang'ange kisa databesi inagoma

Kuna mama mmoja ananunua viazi mviringo huko Kilolo, nilimtengenezea kiprogramu cha Python cha kutunza wakulima wake na madeni yao, databesi nikatumia SQLite maana haitaki seva, ni faili moja tu liko kwenye laptopu yake. Nikakijaribu hapa Iringa mjini kwa majina ya Ilula, Ipogolo, Kidabaga, kila kitu fresh. Siku ya kwanza ya kazi akatafuta mkulima wa kijiji cha Ng'ang'ange, programu ikagoma: near "ang": syntax error.

Shida ni kwamba kweri (query, yaani swali linalopelekwa kwenye databesi) nilikuwa naiunga kwa alama ya kujumlisha hivi:

"SELECT * FROM wakulima WHERE kijiji = '" + kijiji + "'"

Sasa databesi ikifika kwenye ritifaa ya kwanza inadhani neno limeishia hapo, hiyo ang inayofuata haijui iifanyie nini.

Na mimi kwa haraka nikafanya baya zaidi, nikaweka mstari wa kufuta ritifaa zote kwenye fomu. Jamani msifanye hivi. Majina niliyoyapandisha mwanzo kutoka CSV (faili la maandishi la orodha) yalikuwa na ritifaa, ya kwenye fomu hayana, kwahiyo mkulima mmoja akawa watu wawili na deni lake likagawanyika, mama wa watu akabaki kubishana naye shambani. Kwanza ng na ng' ni sauti mbili tofauti kabisa, jina la mtu tunalikataje kwa uvivu wetu?

Dawa ni kuacha kuunga. Weka kiulizo, thamani ipeleke pembeni:

cur.execute("SELECT * FROM wakulima WHERE kijiji = ?", (kijiji,))

Kiulizo hakiwekewi alama za kunukuu. Na huo mkato baada ya kijiji usiusahau, ukiuacha Python inahesabu kila herufi kama thamani yake, utaambiwa umeleta 11 wakati inatakiwa 1, nilihangaika nayo jioni nzima. Ukihamia databesi ya PostgreSQL kwa psycopg2 (maktaba ya Python ya kuongea nayo) kiulizo kinakuwa %s, ila mantiki ni ileile. Jina la jedwali lenyewe halipiti kwa njia hii, hilo liandike mwenyewe, usilitoe kwenye fomu.

Tena tundu hilohilo ndo wezi wanapitia. Mtu akiandika ' OR '1'='1 kwenye kisanduku cha kijiji, kweri ya kuunga inamwagia wakulima wote na madeni yao, ila ukitumia kiulizo databesi inatafuta tu kijiji chenye jina hilo la ajabu na haikioni.

Kingine ni conn.commit(), conn ni muunganisho wako na databesi na commit ni amri ya kuhifadhi kabisa ulichobadilisha. Ukiingiza data bila hiyo, kwenye skrini unaiona ipo, umeme ukikatika imeenda. Mi naandika with conn: inakomiti yenyewe na ikitokea erori inarudisha nyuma, ila kufunga haifungi, conn.close() bado ni kazi yako.

Yule mkulima tulimuunganisha tena kwa mkono, tukiwa na daftari la mama pembeni. Siku hizi jina langu la kwanza la kujaribia programu yoyote ni Ng'ang'ange, la pili Nyang'oro.