Kwa mama wa Uyole: mtoto wa la tatu hajui kusoma

Dada pole, umesema kijana yuko la tatu, hela ya duka anahesabu vizuri na chenji hakosei, ila kusoma hamna kitu, b na d anachanganya na ticha anasema ni mvivu. Hilo la uvivu mi silikubali. Kwanza mpeleke akapimwe macho na masikio, yakiwa sawa basi huenda ni disleksia, yaani shida ya kusoma na kutambua herufi, na hiyo haihusiani na akili wala haina dawa ya kumeza (na maji ya upako usinunue jamani).

Kinachosaidia ni kufundishwa kivingine, yaani mwaga mchanga kwenye sinia, achore b kwa kidole huku anaitamka, ba be bi bo bu, zikikaa kichwani ndo mnahamia d, msizichanganye siku moja. Njia hii daktari Orton na mwalimu Gillingham waliianzisha Marekani miaka ya 1930 na bado inatumika. Kidogo kidogo kila siku, sio Jumamosi nzima analia.

Ulizia pia mwalimu wa elimu maalumu hapo Mbeya, wapo waliosomea chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha, hata kama yuko shule nyingine. Na huyo ticha mwombe amuulize maswali kwa mdomo, fimbo aweke pembeni.