Matangazo yanayomaliza bando kwenye kompyuta zako nane

Pole sana kaka. Bando la kibanda chako cha intaneti cha Sinza liishe kwa matangazo kabla wateja hawajamaliza kazi zao, inauma. Nami yalinikuta Kariakoo.

Chukua kompyuta ya zamani, weka Linux (mfumo endeshi) na Squid (programu inayopokea maombi ya vivinjari na kuyapitisha mtandaoni au kuyakataa), kisha elekeza vivinjari vya kompyuta zote kwenye hiyo, poti 3128 (namba ya mlango wa Squid). Orodhesha tovuti za matangazo kwenye faili, uzikatae kwa dstdomain, kipengele cha Squid kinachotambua tovuti kwa jina lake. Kanuni ya kukataa ikae juu ya ile ya kuruhusu, maana Squid husoma kuanzia juu na kufuata ya kwanza inayolingana. Hapo nilipoteza siku nzima!

Kurasa za HTTPS (zilizosimbwa kwa usalama) utazizuia kwa jina la tovuti tu. Usijaribu kuzisimbua kwa cheti chako cha usalama ili uone yaliyomo: wateja wanaingia benki hapo. Poti ya Squid isionekane nje, kwenye intaneti. Ukikwama, mwite fundi wa mtandao.