Kichwa cha waridi na kichwa cha chungwa: je, ni mijusi wa aina moja?

Umeuliza kama mijusi wawili uliowaona kwenye miamba ya Serengeti, mmoja kichwa cha waridi na mwingine cha rangi ya chungwa, ni wa aina moja. Kwa maelezo yako, huyo wa waridi mwenye kiwiliwili cha buluu ni dume la agama wa Mwanza, mmoja wa mijusi wa jamii ya agama. Wa chungwa naona ni Agama lionotus, agama wa aina nyingine. Kagua mkia wake: utaona mikanda myeupe na ya buluu ikiuzunguka.

Ila usiamini rangi peke yake! Dume likipata baridi au likitishwa hufifia hadi kuwa kahawia. Wale wa kahawia waliokuwa pembeni huenda ni majike, na hao ndio wagumu hasa kuwatambua aina yao. Wapige picha ubavuni, jua limeshapanda, mkia wote uonekane.