Linki za kurekebishwa urefu baada ya kushusha gari

Ndugu, springi fupi zimeinua ncha za stebilaiza, ile fito ya chuma inayozuia gari kulala upande kwenye kona. Linki ni fimbo fupi inayounganisha ncha hiyo na upande wa gurudumu; inayopanda hadi kwenye shokomzoba itahitaji kurefushwa. Inayoshuka hadi kwenye wishboni (mkono wa chini unaoshika gurudumu), kufupishwa. Nunua zenye boljointi (viungo vya duara vinavyocheza kwenye ncha za linki) za kufunikwa na mpira. Zilizo wazi humalizwa na vumbi, kisha kugonga hakuishi.

Usipimie gari likiwa kwenye jeki: matairi yote yabebe uzito, sehemu tambarare. Funga upande mmoja, kisha zungusha linki ya pili kubadili urefu wake mpaka bolti iingie kwa mkono. Ukilazimisha kwa mtaimbo, stebilaiza imeshajipinda, na gari litakata kona za kushoto na kulia tofauti. Unapokaza nati, shikilia msumari wa boljointi usizunguke, la sivyo mpira utachanika. Kata usukani hadi mwisho pande zote uone linki haigusi paipu ya breki.